Kijichuma Mdomoni mwa Fundi Hezekiah

Ndege niliyoipiga grisi kwa mikono yangu ilirudi Isiolo ikiwa kipofu.

Sitanii. Kioo chote cha mbele kilikuwa kimejaa grisi, kama mtu amekipaka uji wa wimbi huko huko angani.

Ilikuwa Agosti 1979, mwezi wa Ramadhani. Lakini ngojeni nianze mwanzo.

Naitwa Denge, wa mtaa wa Bulla Pesa, hapo Isiolo. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, cheti cha kidato cha nne, na mdomo usio na breki. Kampuni fulani yenye ndege moja tu ilikuwa imeniandika kazi chini ya Fundi Hezekiah, mzee wa Nyeri aliyekaa Isiolo mpaka akajua matusi ya Kiborana kunishinda.

Ndege ilipeleka miraa Wajir. Rubani alikuwa Zachary, na ndiye aliyenibatiza jina la Redio.

Sasa, propela ile mapanga yake yalikuwa yanajigeuza ndani ya kitovu, kulingana na mwendo. Kwa hivyo kitovu lazima kipigwe grisi. Kila panga lina vijichuma viwili vya kupitishia grisi, kimoja kila upande, vidogo kama punje ya mahindi.

Unaingiza grisi kwa kimoja. Lakini kwanza unachomoa cha upande wa pili, ili grisi ya zamani ipate pa kutokea.

Usipochomoa, grisi inapasua mpira wa ndani unaoizuia isitoke. Halafu ndege ikiruka, grisi yote inarushwa kwa kioo, usoni kwa rubani.

Mzee Hezekiah alikuwa na sheria moja. Kijichuma ukikichomoa, unakiweka mdomoni. Hakitoki huko mpaka ukirudishe mahali pake.

"Ukijipata unaongea," aliniambia, "jua kuna kitu umesahau."

Kwangu mimi hiyo ilikuwa jela. Na Zachary alijua, ndiyo maana alikuwa akija kunichokoza saa hiyo hiyo.

"Redio! Leo betri zimekwisha?"

Namjibu kwa macho tu, mate yakinitoka na ladha ya chuma.

Nikimaliza, mzee huja kupiga kamstari ka rangi nyekundu, kutoka kwa kijichuma mpaka kwa kitovu. Kijichuma kikizungushwa hata kidogo, mstari unakatika.

Asubuhi ile ya ajali nikamwambia mzee, "Mzee, leo sitii kitu mdomoni. Niko na saumu."

"Ni sawa, kijana. Basi kitie kwa mfuko wa shati."

Zachary akatokea. Kuona mdomo uko huru, akafurahi kama mtoto.

"Redio iko hewani! Nasikia saumu imekukondesha mpaka mshipi unakuzunguka mara mbili."

"Mshipi ni wa baba yako. Aliniachia, wewe akakuachia masikio."

Tulicheka sana. Huku nacheka, huku nasukuma bomba la grisi. Likawa gumu. Nikalisukuma kwa nguvu zaidi, mara kitu kikalegea ndani. Nikaona kazi imekwisha.

Mzee alikuwa amejiinamia kwenye injini. "Denge, umechomoa cha huko?"

"Mzee, kwani mimi ni mtoto?"

Akacheka. Nikakimbia kupakia magunia ya miraa. Yeye akarudisha kofia ya propela, ile inayofunika kitovu, siku hiyo hata rangi hakupiga, akatia sahihi kwa kitabu cha ndege.

Haikupita saa moja, tukasikia injini inarudi.

Zachary aliitafuta barabara ya uwanja kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Akatua pembeni yake. Ndege ikaingia kwa mtaro, pua mbele.

Tulimtoa akipumua. Nilimshika kichwa.

"Redio," akasema, "sioni kitu."

Hakusema kingine tena.

Wakati sisi tunalia, Mzee Hezekiah alienda kwa propela peke yake. Aliinama pale muda mrefu.

Alasiri afisa wa uchunguzi akafika. Akamuuliza mzee swali la kwanza, kimya. La pili, kimya.

"Mzee, naongea na wewe!"

Mzee akaomba karatasi kwa mkono. Akaandika: Mimi ndiye niliyekagua mwisho. Kosa ni langu.

Afisa alipoangalia kitovu, akakuta tundu moja halina kijichuma. Akaandika kwamba fundi alisahau kukirudisha.

Mwenzenu nikapumua. Nikajiambia, mzee alikichomoa akikagua, akasahau. Mimi changu nilikitia mfukoni, nikakirudisha. Nilikumbuka vizuri kabisa, vile mtu hukumbuka kitu anachotaka kukumbuka.

Mzee akanyang'anywa leseni. Akaanza kutengeneza mashine za posho huko mtaa wa Wabera.

Na mimi, Redio, nikampa jina: Mzee Nimesahau.

Likashika. Mji mzima ukamwita hivyo, hata watoto waliobeba mahindi ya kusaga. Nikipita nikimwita, yeye hutabasamu na kuniuliza, "Denge, umekula?"

Miaka saba.

Alikufa 1986. Baada ya mazishi, mkewe, Mama Mugure, akaniita jikoni. Akafungua mkebe wa majani ya chai, akatoa kitambaa. Ndani yake kulikuwa na kijichuma cha grisi, na rangi nyekundu kidogo juu yake.

"Siku ile Zachary alikufa," akasema, "mzee alirudi nyumbani na hiki mdomoni. Alikuwa nacho mbele ya afisa, mchana kutwa."

Nikakaa kwenye kigoda.

"Alikikuta mahali pake, Denge, akakichomoa yeye ili kosa liwe lake. Mstari wa rangi wa zamani ulikuwa mzima. Kabla yake hakuna mkono uliokuwa umekigusa."

"Mama, mbona hakusema?"

"Hata mimi nilimuuliza. Akaniambia, 'Kijana alikuwa na saumu. Sheria ilikuwa yangu, na mimi ndiye niliyemwondolea.'"

Mama Mugure akafunga mkebe.

"Hilo jina ulilompa," akasema, "lilikuwa linamuuma. Alikuwa analia hapa ulipokaa."

Sina la kuwafundisha zaidi ya hili: kabla hujamcheka mtu kwa kosa lake, hakikisha kwanza si lako.

Tangu siku hiyo sijampa kiumbe jina la utani. Hata paka wangu namwita paka.