Nyusi za Losaline Hazipiti Kwenye Simu

Losaline alikuwa na shahada ya biashara na utawala, ipo kwenye fremu kabisa, imetundikwa juu ya friji kwao Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga. Miezi nane inakula vumbi tu. Ukoo mzima una maoni: nenda benki! Nenda serikalini! Kuna mjomba alisema afungue kiwanda. Cha nini? Hajui. Ila mwenye neno la mwisho ni shangazi Vaimoana, maana shangazi akishaongea, hata baba yake Losaline anatulia kama maji ya mtungi.

"Intavyuu ya leo ukiikosa," shangazi akasema, "Jumatatu unakuja kwangu kusuka mikeka. Nimemaliza."

Losaline na kusuka wapi na wapi! Mkeka wake wa mwisho ulitoka pembe tatu.

Kazi yenyewe ni umeneja msaidizi kwenye kampuni ya meli za mizigo. Bosi, Bwana Craddock, yuko Brisbane, kwa hiyo wanaongea kwa simu, sauti tu, picha hamna. Losaline kajifunga mkeka wa heshima kiunoni, vazi rasmi la Watonga, hivyohivyo, utadhani anaonekana. Shangazi yupo pembeni na gimbi lake mkononi.

"Umesomea usimamizi?" bosi akauliza.

Losaline akapandisha nyusi. Juu, kwa adabu zote. Ndiyo ya Tonga hiyo, hata mtoto mchanga anaijua.

Simu kimya.

"Haloo? Upo?"

Nyusi juu tena.

"Unaweza kuongoza watu kumi na wawili?"

Nyusi zikapanda mpaka zikakaribia nywele.

Shangazi uvumilivu ukamwisha, akadaka simu. "Amekubali mara tatu, baba! Kwani huoni?"

"Nione nini? Wewe nani?"

"Shangazi yake!" Kama anayetaja cheo vile.

Losaline akainyakua simu, jasho linamtiririka, mikeka anaiona hiyooo inakuja. "Samahani bosi. Nilikuwa nakujibu kwa nyusi."

"Kwa nyusi?"

"Huku mtu akikubali anapandisha nyusi."

Bosi akasikika akivuta kiti. Halafu taratibu: "Ngoja kwanza. Mwaka mzima naipigia ofisi ya huko, nawaambia shusheni makontena, wananikalia kimya. Nimewaandikia barua tatu za onyo!"

"Na makontena yalishushwa?"

"Siku ileile! Ndo maana nilikuwa sielewi!"

"Basi walikukubalia bosi. Tena wote kwa pamoja."

Bwana Craddock akacheka mpaka akakohoa. "Nimetuma mameneja wawili hapo, hakuna aliyeniambia hilo. Jumatatu unaanza kazi. Sawa?"

Losaline raha ikampanda kichwani. Akavuta pumzi, akatabasamu, akapandisha nyusi.

Kimya.

"Haloo?"

Gimbi la shangazi likatua mgongoni pwaa!

"NDIYO!"