Nati ya Nne ya Bampa

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya Gungu, Mkuu wa Karakana alinipa spana kabla hajaniuliza jina. "Hapa kazi ikiisha, nati ya mwisho anaikaza mwenye gari," akasema. "Aikaze kwa mkono wake, aridhike, kesho asije kusema fundi alimlegezea." Nilidhani ananitania kwa ugeni wangu. Haukuwa utani. Nilimwona akimpa spana hiyohiyo mganga wa wilaya, akampa na sheikh mmoja wa Ujiji, kanzu yake nyeupe kabisa, nasi tukampigia makofi.

Nawaandikia ninyi vijana wa gereji. Mimi niliishia darasa la saba, nikikosea mtanisamehe. Kwa hasira yangu siombi msamaha.

Miaka ile ya wakimbizi, ziwa lilituletea watu kila mara. Kati yao alikuwamo Bwana Melkiori, muuza vitambaa wa Bujumbura, aliyevuka kwa tishari na gari lake la mbio la zamani, jekundu, la kukaa watu wawili, limelala chini kama chura. Wakati wa kulishusha bandarini kamba ilikatika. Bampa likakunjika, na shoo, ule wavu wa mbele unaopitishia rejeta upepo, ikavunjika vipande.

Vipuri alitumiwa na shemeji yake aliyeko Ulaya. Siku vilipofika alivibeba mwenyewe, kavifunga kwa blanketi. "Fundi, nikiliuza hili, mke wangu na watoto watavuka," aliniambia. Walikuwa bado ng'ambo, na huko watu walikuwa wanauawa.

Kazi hiyo haitaki pupa. Breketi zinazobeba bampa zilikuwa zimepinda. Nilizipasha moto nikazinyoosha polepole, maana chuma cha zamani ukikigonga kwa nguvu kinapasuka. Shoo hutangulia, bampa hufuata. Vyote unavitundika kwanza, nati unazishikiza kwa vidole tu, kisha unarudi nyuma kutazama kama kushoto na kulia ni sawa. Kati ya chuma na bodi unaweka raba, la sivyo vitagongana barabarani. Nilikaza nati tatu. Ya nne nikamwita mwenyewe.

Alikuwa ameshaishika spana walipoingia maofisa. Amri ilikuwa imetoka kwamba wakimbizi waliokaa mjini wapelekwe kambini.

"Naomba nikaze hii moja tu," Melkiori akasema.

"Utakaza kambini," mmoja akamjibu, na wenzake wakacheka.

Mkuu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Angesema tu, "Huyu ni mgeni wangu," ingetosha. Nilishaona inatosha kwa wengine. Hakusema. Pengine naye aliogopa, sijui. Melkiori akanirudishia spana. "Urakoze, fundi," akaniambia, ndiyo asante ya kwao.

Haukupita muda, Mkuu akawa analiendesha gari lile yeye. Alisema ameuziwa. Huenda ni kweli; sikuwapo, na mtu huyu ndiye aliyenifundisha kazi, akasimamia hata mazishi ya mama yangu. Lakini alijua Melkiori anauza kwa nini, na alijua mtu aliyefungiwa kambini hawezi kubishana bei.

Siku moja akaniita. "Kaza bampa hilo, linanipigia kelele."

"Nati hiyo ni ya mwenye gari, Mzee."

"Mwenye gari ni mimi."

"Basi spana hii hapa."

Mafundi wote waliacha kazi kumtazama. Akaiangalia spana, asiishike. Akawaamuru wengine, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akakumbuka ana kazi chini ya lori. Muda si mrefu nikahamishiwa Kidahwe kwenye malori ya kokoto, na huko nilikula vumbi mpaka nikastaafu.

Kama mke na watoto wa Melkiori walivuka, sijui. Niliwauliza waliotoka kambini, kila mmoja ana lake.

Sasa naishi Bangwe. Mkuu naye amestaafu, na gari bado analo. Nati zangu tatu zimeshika, bampa halitamwangukia mtu. Upande wa ile ya nne ndio unaogonga. Juzi alisimama nalo mbele ya baraza yangu. Nikamwamkia, maana ni mkubwa wangu.

"Marahaba," akasema. "Mwanangu, yale si yameshapita?"

Akawasha gari, akaondoka, na bampa likagonga njia nzima mpaka alipokata kona.