Siku Anti Naeku Alikataa Trei

Wacheni niwaambie vile anti yangu Naeku alipata jiko, juu mimi nilikuwa hapo na soda yangu na sijamaliza kufurahi mpaka leo.

Naeku ni dadake mama. Anafanya kazi kwa hoteli ya nyama choma ya Njogu, hapa Kitengela. Alianza kwa kuosha sahani, akapandishwa kubeba trei, na hapo kwa trei akakwama. Jiko ilikuwa ya wanaume. Lakini mchomaji akilewa, nani anageuza mbuzi? Naeku. Na mteja akisifu nyama, nani anaitwa apewe asante? Mchomaji. Ile hasira!

Sasa mchomaji akahama, akaenda Rongai. Naeku hakungojea kuitwa. Akaenda kwa Njogu mwenyewe.

"Bosi, hiyo jiko naitaka."

Njogu akacheka. "Naeku, najua unaweza. Shida ni wateja. Wazee wa Kimaasai hawali nyama imeonwa na mwanamke. Niliambiwa."

"Uliambiwa na nani? Mmaasai hapa ni mimi ama ni wewe?"

"Biashara ni yangu. Mulinge anaanza Jumapili. Wewe utamfundisha."

Mulinge ni shemeji ya Njogu. Hajawahi kuchoma hata mahindi!

"Simfundishi," Naeku akasema, akaweka trei chini na akaenda nyumbani.

Jumapili akaamka mapema, akawasha moto yeye mwenyewe, akaweka mbavu. Mulinge akifika, akapata nafasi imejaa. Wazee wakatoka kanisa, wakakaa meza yao ya kila wiki. Njogu akakuja mbio.

"Naeku, toka hapo! Wazee wamefika!"

"Poa. Twende tuwaulize. Wakikataa, naacha kazi leo. Wakikula, jiko ni yangu."

Njogu hata hajajibu, Naeku huyo kwa meza ya wazee, mbavu kwa ubao, kisu mkononi. Mimi nikaweka soda chini. Si hiyo kazi ndio inatulisha?

"Wazee, sopa," akawasalimia kwa Kimaasai.

"Ipa," wakajibu.

"Hii nyama nimechoma mimi, na nimeiangalia mwanzo mpaka mwisho. Bosi anasema hamwezi kula. Ni ukweli?"

Mzee mmoja akasukuma kiti, akatoka. Njogu akaanza kutabasamu.

"Safari njema, mzee!" Naeku akampigia kelele kwa nyuma. "Yako tutakusaidia kumaliza!"

Wueh! Huyo ni anti yangu.

Mzee Lemein, ule mkubwa wao, akageukia Njogu pole pole. "Hiyo maneno ulitoa wapi?"

"Si… si ni mila yenu?"

"Hiyo ni ya morani, kijana! Morani, wale vijana wapiganaji, ndio hawali nyama mwanamke ameona. Wewe unaona morani kwa hii meza? Mimi niko na wajukuu, na meno zimebaki nne. Nyumbani kwangu unafikiri nani anapika, ng'ombe?"

Meza yote ikaangua kicheko. Mwingine akaniangukia kwa bega, na sikuwa hata namjua.

"Kata, entito, msichana wangu," Mzee Lemein akasema. "Lakini yangu iwe laini."

Naeku akakata. Wakakula, tena wakalamba vidole. Njogu akaona vile mambo imeenda, akaleta ujanja.

"Sawa basi. Wewe na Mulinge mtasaidiana, tuone vile itaenda."

"Hatusaidiani na hatuoni. Sema hapa mbele ya wazee. Jiko ni ya nani?"

Njogu akamwangalia Mzee Lemein. Mzee ako busy na mfupa.

"Ni yako."

"Na mshahara ni ya trei ama ya jiko?"

"Ya jiko."

"Kutoka lini?"

"Leo, mama! Kutoka leo! Weka hiyo kisu chini!"

Hakuweka. Akaipanguza kwa aproni, akarudi kwa moto, na sisi wote bado tumesimama tukimtazama kama tuko kwa harusi.

"Mnaniangalia nini?" akasema. "Nani mwingine ameitisha?"