Hotuba Juu ya Gunia

Wiki iliyopita chama chetu cha kujenga zahanati kilinituma sokoni Tarakea, mimi karani wake, niwaombe akina mama waje Jumatatu kubeba mawe. Wasipokuja, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, angepeleka dawa kijiji kingine. Nikafunga tai, nikapanda juu ya gunia, nikahutubu. Wakanizunguka kimya, vikapu mkononi. Nikaona maneno yamewaingia, nikaongeza hata Kiingereza.

Niliponyamaza kufuta jasho, bibi mmoja akaniuliza kwa upole, "Umemaliza, mwanangu?"

"Shikamoo, bibi. Nimemaliza. Mtakuja?"

"Marahaba. Tutakuja wote. Mkeo alishatuambia mferejini."

Nikatoa daftari, nikaandika kwamba wote watakuja.

"Basi shuka," akasema. "Umesimama juu ya magadi, nasi tunangoja kununua."