Handhal za Bibi

Wakati ule tukikaa Mintirib, pale mchanga wa jangwa unapoanzia. Bibi yangu, mzaliwa wa Unguja, alikuwa na sukari, na sindano hataki hata kuziona. Jirani yetu, mama wa Kibedui, akamletea handhal kutoka jangwani: vitikiti kama machungwa, vichungu hata mbuzi hawavigusi. Wenyeji huvipasua wakavikanyaga kwa miguu mitupu mpaka uchungu wake uje mdomoni. Hapo, wanasema, dawa imeingia.

Msudani wa duka la dawa aliniambia Wagiriki wa kale wakiiita kolokinthis, na wao pia wakijitibu nayo. Jamani, nililipenda neno lile! Shule mimi niliishia kati, lakini siku nzima nilitembea nalo, nikijiona kwenye bustani za Wagiriki, nimevaa nguo nyeupe ndefu. Nilipomwambia bibi, alicheka.

"Hilo jina la jini, mwanangu. Usilitaje magharibi."

Kila alasiri tulimwekea karai. Akikanyaga huku anavuta uradi, nami nikimuuliza kama uchungu umefika. Bado. Basi akizidisha kukanyaga. Miguu ile ilikwisha kufa ganzi zamani, hata maji ya moto yakimuunguza asijue, na hakuna kati yetu aliyelifikiria hilo.

Mama ndiye aliyesikia harufu. Kipande cha ganda kavu kilikuwa kimezama unyayoni, na vidole viwili vishakuwa vyeusi. Tukampeleka hospitali, Ibra. Daktari akasema mguu ukatwe chini ya goti, ama tumkose mwenyewe. Bibi akageukia ukutani, akasema fanyeni.

Baba alikabidhiwa mguu umefungwa kitambaa cheupe. Akaenda kuuzika makaburini peke yake, jua la mchana.

Bibi alipozinduka, akauliza umewekwa wapi. Nikamwambia.

"Mmeuelekeza kibla?"

Sikujua. Nikamwita baba. Akasimama mlangoni, akasema mguu hausaliwi, mama.

"Sikuuliza sala," bibi akasema. "Utie alama, mwanangu. Na mimi mnilaze karibu yake, tusije tukatafutana siku ya kufufuliwa."

Baba akatoka. Aliporudi, kanzu yake ilikuwa na vumbi magotini. Akamwonyesha kwa mikono ukubwa wa jiwe aliloweka. Bibi akaitazama mikono ile, kisha akaomba maji.