Vidole Visivyosikia Moto

Mara ya kwanza ilikuwa shambani kwetu Kiegei, msimu wa kuvuna ufuta. Umande ulikuwa mwingi na baridi ya mwezi wa sita ilikuwa haijaondoka. Nilishika mundu, nikashangaa siusikii mkononi. Kutazama, vidole vitatu vimepauka, vina rangi ya majivu.

"Umejipaka nini?" mume wangu aliuliza, akicheka.

"Sijajipaka kitu."

Akakifinya kimoja kwa nguvu. Sikusikia chochote. Alipoona sishtuki, akaacha kucheka. Jua lilipopanda damu ikarudi, na maumivu yaliyokuja nayo yalinifanya nikae chini katikati ya ufuta.

Nilipokwenda kumsalimia mama yangu Matambarale nikamsimulia. Alikuwa anamenya muhogo.

"Na vya miguuni?"

"Navyo vinakufa ganzi."

Akaendelea kumenya. Akatia kipande sufuriani, akasema, "Dada yangu alianza hivyohivyo."

Mama mkubwa nilimkumbuka vizuri. Alivaa viatu vya kufunika hata akiwa ndani, na sisi watoto tulikatazwa kuuliza.

"Vidole vyake vilifanya nini, mama?"

"Vilikauka, mwanangu."

Kesho yake asubuhi niliketi jikoni kwake nikaota moto. Miguu ilikuwa ya baridi mno, nikaisogeza karibu, nikaisogeza tena. Mama akaingia na ndoo ya maji, akasimama mlangoni akinusa.

"Nini kinaungua?"

Nikaangalia sufuria. Yeye akaangalia mguu wangu wa kushoto, akaitupa ndoo. Kidole kidogo kilikuwa kimegusa kaa la moto, ngozi imejikunja, na mimi nilikuwa nimekaa tu, natazama kama ni mguu wa mtu mwingine.

Bodaboda ikatupeleka hospitali, Ruangwa mjini. Daktari, binti mdogo kwangu, alibonyeza kucha zangu moja moja na kusubiri rangi irudi. Alisubiri sana.

"Mama, damu haifiki vizuri huku mwisho," alisema. "Usiote moto tena. Vaa soksi, linda na mikono. Kila siku kagua miguu kwa macho, maana ngozi yako haitakwambia."

"Na rangi ikibadilika?"

"Njoo siku hiyohiyo."

Nilirudi Kiegei na soksi za sufu. Lile jeraha la moto halikufunga. Nililiosha na kulifunga kitambaa safi, lakini nyama ya pembeni ikaanza kuwa nyeusi, kavu, haina hata usaha. Hapo nikaelewa mama alimaanisha nini aliposema vilikauka. Hospitali ya Nachingwea walikikata kidole. Mume wangu aliniuliza kama nataka kukiona. Nilikataa, nikageukia ukutani.

Miezi ya joto ilinipa nafuu. Niliokota korosho kama wenzangu, nikichechemea kidogo, na kuna siku nilisahau kabisa. Sasa baridi imerudi. Kila asubuhi mume wangu hupiga magoti mbele yangu, hufungua kidole na kidole, huangalia katikati.

Leo ameuangalia mguu wa kulia kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Lakini hakuniangalia usoni. Akainuka, akachukua simu, akatoka nje. Nikamsikia akimwambia mwenye bodaboda aje upesi, tunakwenda Nachingwea. Nikainama niuone mwenyewe huo mguu, nikaogopa kutazama. Nikavaa soksi.