Titi la Pili la Mwamazoni

Euthias hakuwa mtu wa maneno. Miaka kumi na mitano nimechonga naye bega kwa bega, na aliyoniambia yote yanatosha kiganjani. Lakini mpe marumaru uone! Hekalu letu la Artemi, mungu wa kike wa uwindaji, kule milimani lilipotaka mabamba ya vita vya Waamazoni, wale wanawake wapiganaji, yeye alichonga mmoja kapiga goti, nguo imemponyoka mabegani, na bado anavuta upinde. Kazi ya miezi minne. Nilimwonea wivu, sioni haya kusema.

Ndipo akaja Kalibios, msimamizi wa ujenzi, bingwa wa kila kitu isipokuwa kazi. Akanyoosha kidole: moja, mbili. Akauliza kwa nini matiti mawili, ilhali Amazoni kwa lugha yetu ya Kigiriki ni "asiye na titi". Hulikata la kulia lisizuie upinde, akasema, hata watoto wanajua. Basi liondolewe leo hii. Nikamweleza kuwa mafundi wote, tangu enzi za babu zetu, huwachonga na mawili. Akanijibu kuwa babu zetu hawakujua kusoma.

Jiwe si unga, useme ukikosea utakanda tena. Euthias akashika tindo, machozi yanamlengalenga. Mimi damu inanichemka, lakini ningefanya nini?

Mke wa Euthias, Mnasis, alikuwa amefika na kapu la mikate ya shayiri na jibini, akayasikia yote. Binti wa wawindaji huyo, na amenyonyesha watoto watano. Akaweka kapu chini, akamwomba mlinzi wa hekalu mshale na upinde wake, akauvuta hadi sikioni. Mshale ukakita kwenye nguzo ya jukwaa la ujenzi, hatua mbili tu kutoka alipo Kalibios.

"Mzee wangu," akamwambia kwa adabu zote, "mimi ninayo yote mawili. Hebu niambie, lipi limenizuia?"

Kalibios akakohoa, akasema huenda habari hizo zilitiwa chumvi, akaenda zake kukagua vigae. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Euthias akamshukuru mkewe kwa kuliokoa jiwe lake.

"Jiwe lako?" Mnasis alikuwa anamega mkate. "Kwani ulidhani sijajitambua kwenye bamba lile? Miezi minne unachonga kifua changu, halafu unaniambia ni Mwamazoni."

Euthias akaiva uso hadi masikioni. Nami, niliyekuwa nimelikodolea macho bamba lile miezi yote minne, nikaona ni adabu nigeukie upande wa pili.